Naomba ushauri: kunawa mikono wodini bila vifaa, uongozi nauingiaje?

Habari wakuu, hasa manesi wenzangu. Niko hospitali moja ya wilaya, wodi ya wazazi, juzi kati nimepewa kusimamia mambo ya kuzuia maambukizi wodini. Kila ukaguzi tunaambiwa manesi hatunawi mikono, na bango la WHO la nyakati 5 za kunawa lipo ukutani kabisa, ila bomba lililo chini yake halitoi maji kuanzia saa nne asubuhi, kitakasa mikono kikija ni chupa moja inafungiwa kabatini kwa inchaji, glavu ndo tunahesabiana kama sukari ya mgao. Sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, inatakiwa ifungwe ikifika robo tatu, yetu sindano zinachungulia juu, na mwenzetu kashajichoma, afadhali aliwahi dawa za PEP, zile za kukinga VVU, ndani ya saa 72.

Nikipeleka maombi kwa matroni jibu ni bajeti, andika barua. Barua naandika. Hela ya kupaka rangi geti lakini ilipatikana.

Tusidanganyane pia, wapo wenzangu hata glavu zikiwepo anatoka mgonjwa huyu kwenda yule na zile zile.

Sasa nianzie wapi? Nasikia kuna hospitali zinachanganya kitakasa zenyewe kwa fomula ya WHO, ethanoli, glisirini na haidrojeni peroksaidi, nyie wa huko, watu wa famasia mliwashawishije? Na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, namwingiaje bila kuonekana mnoko?