Wakuu, kuna mtu amekata Guinness yangu kwa KISU. Povu ruksa!

Mwana_Marangu (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Mtanisamehe herufi kubwa, mikono bado inatetemeka. Nimetoka baa sasa hivi, hata koti sijavua.

Niko Brussels wiki ya tatu kwa mafunzo ya kazi. Leo Arsenal anacheza, na mnajua wenyewe: ukiwa Ulaya na unataka mpira wa Uingereza wenye mtangazaji unayemwelewa, unaenda baa ya Waairishi. Nikaenda kwa YULE. Mliopita Brussels mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa ndevu na aproni nyeusi, anayejibu salamu kwa nyusi.

Nikaagiza painti moja ya Guinness. Ya bomba, si ya chupa. Na Guinness ya bomba haimiminwi kama maji ya kunawa. Unalaza glasi, unajaza kama robo tatu, unaiweka chini itulie mpaka weusi ujitenge na povu, ndipo unamalizia. Wenye kiwanda wenyewe wanasema sekunde 119 na nusu. Dublin watu wanazisubiri huku wanapiga soga, na hakuna aliyezikwa kwa kusubiri.

Huyu bwana alifungua koki kama anajaza ndoo ya kupigia deki. Mara moja tu, fuuu, mpaka juu. Povu likapanda, likafurika, likamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikasema moyoni, sawa, sasa ataiacha itulie.

Wakuu, AKACHUKUA KISU.

Kisu bapa kama cha kupakia siagi, kilikuwa kimelowekwa kwenye glasi yenye maji yaliyogeuka rangi ya maji ya mchele. Akalifyeka povu, likaruka likatua kwenye sinki. Akanisukumia glasi, ubavuni inachuruzika.

Nikamwambia kwa upole kabisa, kaka, hii haijatulia. Akaniangalia mimi, akamwangalia mwenzake, akauliza: "Kwani huko kwenu Guinness ipo?" Wakacheka. Wote wawili. Na kisu bado kakishika mkononi!

Guinness huko kwetu! Mzee wangu amekunywa Guinness ya chupa tangu sijazaliwa, na aliyemfundisha kuimimina ni padre Mwairishi aliyezeekea parokiani kwetu. Padre alikuwa analaza glasi polepole kama anambatiza mtoto. Nigeria wanaipika wenyewe tangu miaka ya 1960. Ukienda baa yoyote Moshi au Arusha unaulizwa swali moja tu, ya baridi au ya moto. Hakuna anayekuuliza kama kwenu ipo.

Halafu kwenye chenji akanipa sarafu ya Ireland, ile yenye kinubi na neno Éire. Ninayo hapa mezani naitazama. Kinubi cha kwenye sarafu na kile cha nembo ya Guinness kwenye glasi vimegeukia pande tofauti, kwa sababu kampuni ilisajili chake tangu 1876, na nchi ilipojitawala ikabidi cha serikali kigeuzwe. Serikali nzima, jamani, imegeuza kinubi kuipisha bia hii. Huyu kaipitishia kisu cha siagi.

Bei sijali. Na skrini kubwa ilikuwa na raga, mpira wakauweka kwenye katelevisheni ka pembeni karibu na choo. Hilo nalo nimesamehe. KISU siwezi kusamehe.

Bint_Kisosora

Siti ya mbele, bisi mkononi. Endeleeni.

Mpiga_debe_mstaafu

Mkuu, povu la bia limeshakatwa. Lako ndiyo naona bado linafurika.

Mwana_Marangu

Cheka tu. Siku wakikata yako utanitafuta. Kisu, mkuu! Mbele ya watu!

Kijana_wa_Mbagala

Picha ya kisu iko wapi? Bila picha hii ni chai.

Mwana_Marangu

Mtu anakucheka na kisu mkononi, wewe unatoa simu umpige picha?

Papa_Uvira

Ndugu, mie niko hapahapa Brussels, Ixelles, upande wa Matonge, miaka mingi sasa. Ile kisu haiko matusi. Hapa Ubelgiji povu ya bia inakatwa na kisu, njo desturi yao, ili ibaki sawasawa na mdomo ya glasi. Bia ya kawaida ya bomba, hata ukienda kunywa karibu na stesheni, ukiangalia kaunta utaona kisu yao iko ndani ya maji. Yule bwana ni mtu wa hapahapa. Uairishi iko kwa kibao ya nje.

Lakini Guinness haikatwe. Pale uko na haki, sitakudanganya.

Tena wewe ulienda kutafuta nini kwa bomba? Ile ya bomba iko asilimia 4.2. Ubelgiji iko na Guinness yake ya chupa, Special Export, asilimia 8, inatengenezwa kwa ajili ya soko ya hapa. Moja tu na usingizi inakuja yenyewe.

Mwana_Marangu

Papa, nashukuru kwa somo. Hiyo desturi nakubali inaeleza kisu. Kicheko haikielezi. "Kwani huko kwenu ipo." Aliniuliza hivyo huku matone ya povu langu yanadondoka kutoka kwenye ncha.

Mpiga_debe_mstaafu

Povu langu! Mtu kasafiri mpaka Ulaya kwenda kuliombolezea povu.

Fundi_Randa

Naomba niongee kitaalamu, mimi ni seremala. Baa nyingi za Kiairishi unazoziona duniani zimechorwa na kuchongwa Ireland kwenyewe. Kuna kampuni Dublin tangu 1990 kazi yake ni hiyo. Mteja anachagua mtindo: ya kijijini yenye jiko la moto, ya Kivictoria yenye vioo, inayofanana na duka la zamani, au inayofanana na kiwanda cha bia. Kaunta, viti, makabati ya ukutani, mpaka yale mabango ya kizamani na chupa zenye vumbi, vyote vinapakiwa kwenye kontena na mafundi wanakuja kufunga.

Kwa hiyo mleta uzi, kaunta uliyoegemea huenda imetoka Ireland. Aliyesimama nyuma yake ndiye hajatoka.

Na hao mafundi wanalipwa sehemu kubwa ya hela kabla ya randa kugusa ubao. Njoo huku Keko sasa. Mteja anataka kaunta ya mninga ya mita nne, kona iwe ya duara, ndani ya wiki moja, na hatoi hata hela ya gundi. Ukimwomba advansi anakuuliza kama humwamini. Juzi mmoja, wa Keko wanamjua, kaja na picha ya baa ya Dublin kwenye simu akasema nitoe kitu kama hiki kwa mbao za mbavu. Mbavu! Kaunta ya kuegemewa na walevi!

Bint_Kisosora

Fundi, usianze. Kabati langu la vyombo nimelipia lote, siyo advansi, tangu Mfungo Mosi. Hadi leo naambiwa mbao inakaushwa. Inakaushwa wapi, jangwani? Juzi nimepita pale nje nikakuta milango ya kabati langu imegeuzwa meza ya kuchezea bao.

Fundi_Randa

Huyo siyo mimi, dada.

Bint_Kisosora

Nyote mlizaliwa siku moja.

Mkenya_Dublin

Wacha niwaambie kitu kutoka hapa Dublin kwenyewe, kwa sababu naona mnalia juu ya povu. Hapa hakuna mtu anaita baa "ya Kiairishi", ni baa tu. Bia inamiminwa vizuri, wanangoja itulie, hapo hakuna shida. Shida ni raundi. Ukiketi na watu wanne, kila mmoja ananunulia wote kwa zamu, na hauondoki kabla zamu yako ipite.

Sasa kuna jamaa yetu mmoja, Wakenya wa Dublin mnamjua vizuri. Anakunywa raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yake ikikaribia, anashika simu, anasimama, anasema ati ni mwenye nyumba anampigia. Saa nne usiku! Ijumaa iliyopita nilikuwa nimekaa bega kwa bega na yeye. Simu haikuwa inaita. Skrini ilikuwa nyeusi TII, nikajiona sura yangu ndani yake, na yeye anasema "ndiyo, ndiyo, nakuja". Alirudi watu wakishavaa makoti.

Kijana_wa_Mbagala

Huyo yupo hata Mbagala. Wa kwetu hapigiwi simu, yeye tumbo linamkata. Linakata raundi ya nne tu.

Mpiga_debe_mstaafu

Wa kwetu Ubungo alikuwa anaagiza supu raundi yake ikifika, ili muone bado anakula mmwache. Miaka sita. Mpaka mwenye baa akamwambia supu imeisha saa tisa mchana, akalia kabisa.

Mwana_Marangu

Wakuu, tusitoke kwenye mada. Kuna mtu hapa kakatiwa bia kwa kisu na kuchekwa.

Kijana_wa_Mbagala

Mleta uzi, kwani Arsenal imekuwaje?

Mwana_Marangu

Sijui. Nilitoka dakika ya ishirini.

Kijana_wa_Mbagala

Na bia?

Mwana_Marangu

Nimeiacha pale pale kaunta, sijaigusa hata kwa mdomo. Nimelipa, nikatoka.

Mkenya_Dublin

Umelipa na HUJAKUNYWA? Wewe ndiye nataka kwa raundi yetu, kuja Dublin.

Papa_Uvira

Ndugu, Jumamosi kuja Matonge, shuka stesheni ya metro ya Porte de Namur. Nitakuonyesha mahali banachoma samaki. Yule mama anapika vizuri, lakini mambo ya chenji, heee. Batu ya hapa banamjua. Unatoa noti ya 50, anaiweka ndani ya kitenge, anaanza kukuuliza habari ya wazazi. Mie natafuta euro zangu 12 tangu Pasaka.

Mpiga_debe_mstaafu

Habari za wazazi! Konda wa Kimara mtupu. Hapo hadi ufike kituo umeshataja mpaka babu, na chenji hujapewa.

Bint_Kisosora

Wa Tanga mliopo humu, nani anamjua fundi wa makabati barabara ya nane au ya kumi na mbili? Nataka nikamwoneshe mwenzake aliko mpaka sasa.

Fundi_Randa

Dada, nitumie vipimo. Advansi nusu.