Ugonjwa wa Fabry: kreatinini ni ya kawaida, je, figo ziko salama?

Muulizaji: Ndugu zangu, mdogo wangu wa kiume amegundulika kuwa na ugonjwa wa Fabry akiwa na miaka 24, baada ya utoto mzima wa kuungua viganja na nyayo kila apatapo homa. Kreatinini yake, yaani taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, ni ya kawaida, lakini daktari anataka aanze kuwekewa kimeng'enya kwa dripu kila baada ya wiki 2. Kuna haja gani ilhali figo hazijaharibika?

Muuguzi wa Figo: Poleni. Kreatinini huchelewa kusema: hupanda pale ambapo sehemu kubwa ya vichujio vya figo imekwisha kuharibika. Mwili wake unakosa alfa-galaktosidasi A, kimeng'enya kinachovunjavunja aina fulani ya mafuta, na mafuta hayo hurundikana ndani ya seli, zikiwamo seli za vichujio ambazo zikifa haziwezi kuota tena. Ombeni albumini, aina ya protini, ipimwe katika mkojo wa asubuhi. Ikizidi miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, tena zaidi ya mara moja, figo zimeanza kuvuja.

Mgonjwa Mwenzenu: Naongezea la dawa za maumivu. Kwa miaka mingi nilitembea na ibuprofeni mfukoni, nami sikujua kwamba maumivu haya ni ya neva na kwamba ibuprofeni na diklofenaki huzipunguzia figo damu. Sasa natumia karbamazepini. Mkojo wangu ulipoonyesha protini nilipewa pia losartani, dawa ya presha, ingawa presha haikuwa juu, kwa sababu dripu peke yake kwa kawaida haitoshi kuizuia protini hiyo.

Muulizaji: Nashukuru sana. Mama alipimwa kimeng'enya, kikaonekana cha kawaida, naye anasema siku ikifika atampa figo yake moja.

Muuguzi wa Figo: Hapo msiharakishe. Jeni ya ugonjwa huu iko kwenye kromosomu X, na mwanamke, kwa kuwa anazo mbili, anaweza kuwa na kimeng'enya cha kawaida katika damu huku ugonjwa ukimla figo na moyo taratibu. Apimwe jeni yenyewe kabla ya mtu yeyote kuzungumzia upandikizaji. Akikutwa nayo, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, nawe hujasema kama umepimwa.

Muulizaji: Sijapimwa. Lakini tangu utotoni sitoki jasho, nikadhani ni maumbile yangu tu. Wiki hii tutakwenda wote watatu.