Re: Intavyuu ya kontroli za konveya, nisome nini?

> Habarini ndugu zangu. Nina digrii ya umeme, nimeitwa intavyuu ya injinia wa kontroli kwenye kampuni inayofunga konveya (mikanda ya kubeba mizigo) na sota (mashine za kuchambua mizigo iende njia yake) za maghala. PLC (kompyuta inayoendesha mashine) nimeigusa chuoni semista moja tu. Kuna anayefanya hii kazi humu?

Hongera mdogo wangu. Mi huu mwaka wa tisa na nikuambie tu, wengi wanakuja wanajua lada (lugha ya michoro ya kuprogramu PLC) vizuri kabisa ila ukiwapa mchoro wa paneli wafuate waya mmoja kutoka kwenye sensa mpaka kwenye kadi ya input wanaanza kutoka jasho. Anzia hapo, volti 24 DC, PNP na NPN (aina mbili za sensa kwa jinsi zinavyotoa signali), rilei na kontakta (swichi zinazowashwa kwa umeme), saketi ya emajensi stop.

Mwaka wangu wa kwanza nimeachiwa zamu ya usiku, konveya inasimama kila mara inadai imekwama, ukienda hakuna boksi. Logiki yenyewe rahisi tu, jicho (fotosensa tunaiita hivyo) likizibwa sekunde 3 mkanda unatembea, simamisha. Nikaweka 5, nikaandika upya, masaa matatu hayo, halafu akaja mzee mmoja fundi makanika, hata laptopu hakuiangalia, akainama kwenye jicho akaona taa yake ndogo inacheza cheza, akakishika kile kioo cha upande wa pili kinachorudisha mwanga kwa jicho, kwa vidole viwili, taa ikatulia. Skrubu imelegea! Mkanda ukitembea kioo kinatetemeka, mwanga haurudi, jicho linadhani limezibwa, ukisimama kinarudi sawa. Aibu niliyoona siku hiyo acha tu.

Intavyuu lazima waulize trakingi, yaani kufuatilia boksi liko wapi. Boksi likipita jicho PLC inahesabu palsi za enkoda (kifaa kinachotoa palsi kadiri mkanda unavyosogea) mpaka pale linapotakiwa kusukumwa pembeni. Kwa nini sio taima? Kwa sababu mkanda ukisimama taima inaendelea, palsi zinasimama na mkanda. Pia wapigie hesabu ya skani (mzunguko mmoja wa PLC kusoma sensa na kupitia programu), mkanda wa mita 2 kwa sekunde na skani ya milisekunde 20, boksi limeshasogea sentimita 4 kabla programu haijajua. Mazoezi fanyia CODESYS, programu ya kuandikia PLC, kupakua ni bure na ina simuleta. PLC za Siemens au Allen-Bradley, angalia tangazo lao limeandika nini, ukijua moja nyingine utazoea.

---

Nakazia hapo kwa kaka. Uliza safari! Mtambo mpya ukianza kuwashwa unaishi hotelini wiki kadhaa, na kama ghala linafanya kazi mchana basi wewe ni usiku, kwa hiyo uliza ovataimu inalipwa au "imo kwenye mshahara". Na kama uko kwa kibali cha kazi usidhani kinakuruhusu kufanya kazi nchi ya jirani, mi waliniambia kesho panda ndege na karatasi zenyewe hazipo, nikakataa, bosi akanuna wiki nzima.

Halafu usije ukapiga jampa (waya wa kuiruka) swichi ya usalama eti tujaribu tu mara moja. Kabla ya kuingiza mkono kwenye mashine zima umeme, piga kufuli lako kwenye swichi mtu asiwashe, pima kama umeme umekatika kweli.

---

> Asanteni sana, CODESYS nimeshaipakua. Kufuli wanatoa wao au ninunue?

---

Wanatoa wao. Ufunguo unakaa mfukoni mwako, hata bosi akiuomba ili awahi kuwasha usimpe.