Mnara umegoma kusoma miezi 8 sasa, wakuu nisaidieni

Dereva_Mtulivu:
Wakuu habari zenu. Naingia moja kwa moja maana nikianza kuzunguka nitaona aibu nifute. Nina miaka 43, naendesha semi Dar–Tunduma, mke mmoja watoto watatu. Tangu mwaka jana mambo ya chumbani yameharibika, mwanzo ilikuwa inasimama halafu katikati ya safari inalala, sasa hivi hata kuwasha haiwaki. Hamu ninayo, mwili ndo haujibu. Hata ile ya alfajiri sijaiona muda mrefu. Nimeshanunua vumbi la Kongo kwa dogo mmoja stendi, siku ya kwanza nilipona, siku ya pili moyo ulidunda nikaona naondoka duniani. Mama watoto kaanza kuniuliza maswali ya kimitego, "huko Tunduma kuna nani?" Hakuna mtu wakuu, naapa. Tatizo ni nini?

Chuma_Chakavu:
Supu ya pweza bakuli mbili pale Feri, karanga mbichi, tikiti na mbegu zake. Wiki moja utaleta mrejesho hapa.

Dereva_Mtulivu:
Pweza nimekula mpaka nahisi nina mikono minane mkuu, hamna kitu.

Babu_G:
Dogo ngoja nikuulize kitu, usiku unaamka kukojoa mara ngapi? Kiu je? Nauliza hivyo maana mimi nilianza hivihivi nikiwa na 47, nikazunguka kwa waganga wawili, mmoja kanipa mizizi ya kuchemsha inanuka kama soksi, hela imeenda karibu laki tatu, siku naumwa malaria nikaenda zahanati dada wa maabara akanitoboa kidole cha sukari akanyamaza kwanza, akarudia tena, 17. Nikaambiwa mzee una kisukari na hujui kimekaa miaka mingapi. Nguvu za kiume zilikuwa zinanipigia honi mda wote mimi natafuta mizizi.

Dereva_Mtulivu:
Dah. Usiku naamka mara tatu nne. Nilijua ni vinywaji, maana njiani nakunywa soda na energy kama nne kwa siku nisisinzie.

Mfamasia_wa_Kitaa:
Babu_G kagusa penyewe. Mkuu, kule chini hakuna mfupa wala msuli wa kuinua, ni damu tu. Ubongo unatuma taarifa, neva zinalegeza mishipa, damu inajaa kwenye nyama iliyo kama sponji halafu njia ya kutokea inabanwa. Sukari inaharibu vyote viwili, neva na mishipa. Presha na sigara vinaharibu mishipa pia. Na mishipa ya kule ina upana wa milimita 1 hadi 2 hivi, ya moyo 3 hadi 4, kwa hiyo ikianza kuziba ile nyembamba ndo inalalamika kwanza, ya moyo inaweza kufuata miaka kadhaa baadae. Ndo maana mteja wa umri wako akija dirishani kwangu anaongea kwa kunong'ona namuuliza presha kabla ya kumuuliza hela.

Hiyo ya alfajiri uliyoitaja ina maana. Ingekuwa inasimama asubuhi ila kwa mama inagoma, ningesema mawazo au hofu ya kufeli. Yako imepotea kote, kapime.

Vumbi sasa. Nyingi ya hizo poda zinachanganywa sildenafil, ileile ya vidonge vya bluu, kwa kipimo ambacho hata muuzaji hakijui. Dawa yenyewe siyo mbaya, ilianza kujaribiwa kwa maumivu ya kifua ya moyo na Marekani waliiruhusu kwa kazi hii 1998. Ila mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati, zile za kuweka chini ya ulimi, akichanganya presha inashuka ghafla anaweza asiamke. Na ikisimama ikagoma kulala zaidi ya saa 4 usione sifa, kimbia hospitali.

Mama_Wawili:
Kaka yangu naongea kama mke. Mume wangu alikaa kimya miezi mitano, anageukia ukutani anajifanya kakoroma, mimi nalia chooni nimeshahesabu michepuko yote ya mtaani. Siku aliyosema ni ugonjwa nililala usingizi. Mwambie mwenzio leo, mwende wote.

Chuma_Chakavu:
Ila dawa za presha nazo si ndo zinaua nguvu?

Mfamasia_wa_Kitaa:
Baadhi, kweli, kama atenolo. Mwambie daktari akubadilishie, usiache mwenyewe ukaja kupata kiharusi.

Dereva_Mtulivu:
Mrejesho wakuu. Nimepima leo asubuhi sijala, 13.8, na wameniambia ikifika 7 tu tayari ni kisukari. Presha 152 kwa 96. Nimeanzishiwa dawa, hiyo ya kitandani daktari kasema tutaiangalia sukari ikishashuka. Shemeji yenu tulikuwa naye kwenye benchi, hajasema kitu, jioni kafungua kifriji cha lori katoa soda zote kawagawia watoto wa jirani.

Babu_G:
Hapo sawa. Vumbi lililobaki umefanyaje?

Dereva_Mtulivu:
Nililimwaga kwenye mbuga pale Mikumi. Twiga wakianza fujo mjue ni mimi.