Filamu yangu imekataliwa na tamasha la kimataifa: ni nani huchagua, na tuzo hutolewaje?

Kiboriloni_Picha (Moshi):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miaka miwili nimekuwa nikitengeneza filamu fupi ya makala yenye dakika 22, inayomhusu bibi yangu mzaa baba wa Old Moshi na kihamba chake cha kahawa na migomba. Inafuata msimu mmoja tu: kuchuma, kumenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kuanika kwenye vichanja, na mwishowe siku ambayo baba zangu wadogo wanakaa naye kumweleza kwamba wanataka kung'oa mikahawa wapande parachichi. Bibi hajibu kitu. Anaendelea kuchambua buni mpaka wanaondoka.

Niliituma kwa tamasha moja la nje, nikalipa ada, nikangoja miezi minne. Jibu lililokuja lilikuwa la mistari mitatu, likisema kwamba filamu zilizopokelewa ni nyingi na nzuri, na kwamba yangu haikupata nafasi. Sikuambiwa kosa langu. Nieleze pia kwamba kabla ya kuituma niliiweka YouTube kwa wiki mbili ili ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mwanza waione.

Naomba kuelimishwa na wenye uzoefu. Je, majaji wanaotoa tuzo ndio hao hao wanaochagua filamu? Na ni kweli, kama rafiki zangu wanavyoniambia, kwamba filamu inayozungumzwa kwa Kiswahili na Kichaga haina nafasi huko?

Mhariri_Ngarenaro (Arusha):

Kaka, pole. Nimewahi kuwa mtazamaji wa mchujo wa kwanza wa tamasha moja, kazi niliyoifanya usiku hapa hapa Arusha baada ya kutoka chumba cha uhariri, kwa hiyo nitakueleza yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Wateuzi na majaji ni watu tofauti kabisa, na karibu kila aliyekataliwa huwalaumu majaji ambao hawajawahi hata kulisikia jina la filamu yake. Chukua Cannes, lile tamasha kubwa la Ufaransa, ya mwaka 2025. Filamu ndefu zilizotumwa zilizidi 2,900, na zilizoingia katika shindano kuu zilikuwa 22. Jopo lililoongozwa na Juliette Binoche lilitazama hizo 22 tu, na kati ya hizo likampa Jafar Panahi wa Iran Palme d'Or, yaani tuzo kuu. Karibu zote zilizobaki katika zile 2,900 ziliondolewa na wateuzi kabla ya hapo, na nyingi kati yake hazikuwa mbaya. Mteuzi hapangi filamu kwa alama kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Anajenga programu: akiwa tayari na filamu mbili kuhusu bibi na shamba, ya tatu ataiacha hata kama ni bora kuliko moja ya hizo mbili.

Jambo la pili ni kwamba tamasha kubwa halina mlango mmoja. Hapo Cannes kuna shindano kuu, kuna Un Certain Regard, kitengo kingine cha uteuzi rasmi, na pembeni kuna Wiki ya Wahakiki, iliyoanza mwaka 1962, na programu ya chama cha waongozaji wa Ufaransa, iliyoanza mwaka 1969, ambazo zina wateuzi wao wenyewe. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa Cannes, na iliingia kupitia Un Certain Regard. Mwaka 2025 My Father's Shadow ya Akinola Davies Jr. ilipita mlango huo huo, ikawa filamu ya kwanza ya Nigeria katika uteuzi rasmi. Kwa hiyo mtu anaposema ametuma Cannes, au Berlin, au kwingineko, muulize ametuma katika kitengo kipi, kwa sababu kila kitengo kina masharti yake.

Sasa nije kwenye filamu yako, na nitasema wazi kwa sababu naona umeipenda kazi hii. Dakika 22 ni urefu mgumu. Shindano la filamu fupi la Cannes halipokei filamu inayozidi dakika 15, majina ya watengenezaji yakiwemo. Hata mahali ambapo urefu wako unaruhusiwa, filamu fupi huonyeshwa kadhaa kwa pamoja katika kipindi kimoja, na yako inachukua nafasi ya mbili za wenzako. Mteuzi ataikubali ikiwa tu kila dakika imejilipia. Na kuhusu YouTube, matamasha mengi makubwa hutaka filamu ambayo haijaonekana hadharani, na Cannes inakataa waziwazi filamu ndefu iliyokwisha kuwekwa kwenye intaneti. Wiki mbili zile za ndugu wa Mwanza huenda ndizo zilizokufungia mlango kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kutazama. Siku nyingine watumie kiungo chenye nywila.

Kuna jambo moja ambalo hutalisoma katika masharti yoyote. Mtazamaji wa mchujo anaifungua filamu yako akiwa amechoka, ameshatazama nyingine sita jioni hiyo. Nimeona filamu nyingi za kutoka kwetu zikianza na picha ya droni ikipanda juu ya Mlima Kilimanjaro, muziki mzito, majina ya wafadhili, dakika mbili zimekwisha na hajaonekana mtu hata mmoja. Kama yako inaanza hivyo, ikate. Anza na mkono wa bibi kwenye ile mashine.

Dada_wa_Sakina (Arusha):

Nakubaliana na Mhariri kwa mengi, ila suala la lugha lisiachwe hivi hivi, maana linawakatisha tamaa vijana bila sababu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inazungumza Kiswahili cha Zanzibar, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Mwaka uliofuata ndiyo iliyopelekwa na Tanzania kuwania Oscar, jambo ambalo nchi yetu haikuwa imelifanya tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Lugha haikuizuia.

Kinachozuia ni manukuu mabovu, yaani yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. Nimesahihisha manukuu ya filamu kadhaa za mikoa hii, na nakuhakikishia, mdogo wangu, kwamba neno "kihamba" likiandikwa kwa Kiingereza kama shamba tu, filamu yako imekufa. Mtazamaji wa Ufaransa ataona mabishano ya kilimo, wakati baba zako wadogo na bibi yako wanazungumza juu ya ardhi ya ukoo, mahali walipozikwa wazee. Liache neno lenyewe kama lilivyo, kisha katika dakika za mwanzo mtu mmoja alieleze kwa kuonyesha makaburi yaliyo kati ya migomba. Mtafute mfasiri anayeijua Old Moshi, asiwe mtu wa kutegemea programu ya tarakilishi.

Kuhusu pa kuanzia, mimi ningeanza Zanzibar bila kusita. Tamasha la ZIFF limekuwepo tangu mwaka 1998, na tuzo yake kuu, Jahazi la Dhahabu, inajulikana na wateuzi wa nje wanaofuatilia Afrika. Pale Ngome Kongwe utakaa na watu wanaoelewa bibi anachonyamazia. Halafu kuna FESPACO ya Ouagadougou, ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili na ambayo shindano lake ni la waongozaji wa Afrika na wenye asili ya Afrika. Mwaka 2025 tuzo yake kuu, farasi wa dhahabu wa Yennenga, alikwenda kwa Dani Kouyaté, na Burkina Faso yenyewe haikuwa imempata tangu Gaston Kaboré mwaka 1997. Hebu fikiria, mwenyeji kungoja miaka 28 nyumbani kwake.

Mhariri_Ngarenaro:

Dada, hapo kwenye Zanzibar natofautiana nawe kidogo. Ukishaonyesha katika tamasha moja la kimataifa, mengine yanayodai kuwa ya kwanza duniani kuionyesha filamu yanakuwa yamefungwa. Apange kwanza, ndipo atume.

Dada_wa_Sakina:

Hilo ni kweli kwa filamu ndefu yenye msambazaji nyuma yake. Kwa filamu fupi ya kwanza ya kijana wa Kiboriloni, kungoja mlango wa Cannes ni kuizeesha filamu kwenye droo.

Mwalimu_Soweto (Moshi):

Mwanangu, niongeze moja tu, maana limeniuma mwenyewe. Filamu yangu iliwahi kuteuliwa, barua ya pongezi nikaisoma mbele ya familia, kisha ikaondolewa kwa sababu redio ilisikika nyuma ya mazungumzo ya jikoni kwa sekunde arobaini, na sikuwa na kibali cha wimbo ule. Tamasha haliwezi kuonyesha muziki usio na ruhusa ya maandishi. Kama kuna kwaya, redio au simu iliyolia katika filamu yako, pata kibali chenye sahihi au uondoe sauti hiyo. Na usipuuze Bodi ya Filamu hapa nyumbani; kibali na daraja la filamu vishughulikiwe mapema.

Kiboriloni_Picha:

Shikamoo mwalimu, na asanteni sana kaka na dada. Kuna kwaya ya usharika katika dakika ya tisa. Mwenyekiti wao ni jirani, nitamfuata Jumapili na karatasi. Droni nilikuwa nayo kweli, dakika moja na nusu, na jana usiku nimeitoa. Sasa filamu inaanza gizani, mashine ya kumenya inasikika ikisaga kwanza, halafu ndipo mkono wa bibi unaonekana. Imefika dakika 20 na nusu, na dada, naomba nikuletee hapo Sakina uyapitie manukuu, kwani neno "kihamba" nililiandika hivyo hivyo ulivyoogopa.