Mrejesho: bei za mafundi watatu zilizopishana kupita kiasi

Habari zenu wapendwa. Niliwaeleza kwamba nataka kukarabati jiko na bafu, mafundi watatu wamekuja kuangalia, na bei ya mmoja ni karibu mara mbili ya mwenzake. Mkaniambia nisichague bado, kwanza niandike kazi yenyewe. Asanteni sana, mmeniokoa.

Nilikaa na futi kamba jioni nzima. Nikapima kila ukuta, nikaandika vigae viishie urefu gani, mabomba yapi yabadilishwe, swichi ngapi na zikae wapi. Karatasi ileile nikawapa wote watatu, nikaomba vifaa vitajwe peke yake na ufundi peke yake.

Hapo ndipo siri ikafichuka. Yule wa bei ya chini hakuwa amehesabu kubomoa vigae vya zamani, kubeba kifusi, wala kuzuia maji sakafuni kabla ya kupanga vigae vipya. Kazi hizo zilipoingizwa kwenye hesabu, bei yake ikakaribiana kabisa na ya yule wa kati!

Nimemchukua wa kati. Aligonga ukuta wa bafu kwa kifundo cha kidole, akasikia plasta inalia utupu, akaandika pembeni: "Hapa bei itathibitishwa baada ya kubandua." Nilimwamini kwa mstari ule mmoja. Tumekubaliana nalipa kwa hatua, na nyongeza yoyote iandikwe na kusainiwa kabla haijaanza. Pembeni nimetenga asilimia 15 ya bei kwa ajili ya dharura.

Kubomoa kunaanza Jumatatu.