Bonaire: kuzamia siku moja kabla ya ndege, inafaa?

Mtanga wa Toronto: Habari wadau. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunakwenda Bonaire, kisiwa cha Karibea, siku 6. Nina cheti cha mwanzo cha kuzamia, mwisho kina cha mita 18. Ndege ya kurudi ni saa 4 asubuhi. Je, jana yake mchana naweza kuzamia? Na ni kweli watu huingia majini kutoka ufukweni bila boti?

Bi Mkubwa wa Majini: Ni kweli, ndugu yangu, na ndiyo raha ya Bonaire. Unapakia mitungi ya hewa kwenye pikapu, unafuata barabara ya pwani ukiangalia mawe ya njano yenye majina ya maeneo. Kuhusu ndege: ukizamia mara nyingi, ushauri ni kusubiri angalau saa 18. Kwa hiyo uwe umetoka majini kabla ya saa 10 jioni. Mimi siku ya mwisho sizamii kabisa. Na masikio usiyalazimishe! Nilipofika kina cha mita nne sikio la kushoto lilinichoma kama sindano. Nikapanda kidogo, nikabana pua, nikapuliza polepole hadi likazibuka. Ndipo nikashuka tena.

Pezi la Bluu: Glavu ziache nyumbani, haziruhusiwi. Matumbawe yale yamo ndani ya hifadhi tangu 1979, usiyaguse hata kwa ncha ya pezi la mguuni.

Mtanga wa Toronto: Ahsanteni sana. Siku ya mwisho basi tutaogelea tu juu juu.